Kabla hujalipia risiva ya zamani, zima Loudness

Risiva yangu ya kwanza, yaani redio na amplifaya ndani ya kabati moja, niliinunua kwa macho. Uso wa alumini, taa ya buluu nyuma ya namba za masafa, kabati la mbao, na uzito wa kukuvunja kiuno. Muuzaji akaweka wimbo, besi ikatikisa kaunta, nikalipa bila hata kuomba apunguze. Nyumbani ndipo nikaona kitufe cha Loudness kilikuwa kimebonyezwa. Nilipokizima, sauti ikanywea kama mpira uliotoboka, na spika ya kushoto ikabaki inanong'ona.

Kitufe hicho si cha hila. Sikio la mtu husikia besi hafifu sauti ikiwa chini, kwa hiyo watengenezaji wakaweka njia ya kuiongeza. Lakini dukani kinaficha mengi. Siku hizi, kabla ya lolote, nazima Loudness, naweka Bass na Treble katikati, ndipo nasikiliza.

Nenda na wimbo unaoujua hadi mwimbaji anapovuta pumzi. Mimi natumia taarabu ya zamani, kwa sababu ganuni haimwonei mtu haya: ikiwa sauti nyembamba zina ukali, utaumwa na masikio kabla ubeti wa pili haujafika. Halafu bonyeza Mono, ili spika zote mbili zitoe sauti ileile, na usimame katikati yake. Mwimbaji anatakiwa awe mbele ya pua yako. Akihamia upande mmoja, badilishana nyaya za spika, mashine ikiwa imezimwa. Naye akihamia upande wa pili, kasoro imo ndani ya mashine. Asipohama, ichunguze spika.

Sasa zungusha volyumu taratibu kutoka sifuri. Ikikwaruza kwa krakra, usikimbie. Mara nyingi ni uchafu tu, na dawa ya kusafishia swichi inaumaliza. Itumie krakra hiyo kushusha bei. Mvumo ndio wa kuogopa. Rudisha volyumu sifuri, tega sikio kwenye spika. Ukisikia mvumo hata hapo, kuna uwezekano mkubwa kapasita kubwa za umeme zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi, si ya dawa. Iache iwake nusu saa. Kuna ugonjwa unaojitokeza mashine ikishapata moto tu.

Spika zako nzuri zibaki nyumbani mpaka fundi apime kwa mita umeme wa DC unaotoka pale zinapounganishwa, bila muziki. Milivolti chache, hata makumi machache, hazina neno. Akikuta volti nzima, umeme huo utaziunguza.

Ukiwa na risiva mbili za kulinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, hata kwa programu ya simu ya kupimia kelele. Inayopiga juu kidogo itakudanganya kuwa ndiyo bora. Wati nazo zisikutie wazimu: risiva ya Marantz 2270 ina wati 70 kila upande na 2230 ina 30, lakini tofauti yake ni kama desibeli tatu na nusu hivi, wakati sikio huhitaji karibu kumi ili liseme sauti imekuwa maradufu. Pia angalia wati hizo zilitangazwa lini. Kabla Marekani haijaweka kanuni mwaka 1974, kila kampuni ilijipimia ilivyopenda.

Geuza mashine, usome mgongo wake. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, utanusa moshi kabla hujasikia wimbo. FM yake nayo huanzia 76 na kuishia 90, kama redio za magari ya mtumba, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Kwa santuri tu inafaa, ila bei ya transfoma ya kushushia umeme uiingize kwenye hesabu.

Ile ya kwanza bado ninayo. Niliishi miezi nikiilaani, nikiamini upande wa kushoto umekufa. Fundi hakugusa hata lehemu. Alipulizia dawa kwenye swichi ya Tape Monitor, ile ya kusikilizia kinasa kanda, akaibonyeza mara ishirini hivi, na kushoto kukarudi.