Maswali na majibu: Parasha ya Mishpatim

Parasha ni fungu la Taurati linalosomwa katika sinagogi kila Sabato. Mishpatim (Kutoka 21 hadi 24), ambayo kwa kawaida huangukia Februari, imewaletea wasomaji wetu maswali haya.

Je, "jicho kwa jicho" ilimaanisha kung'oana macho?

Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale kuhusu sheria, walikataa katakata. Wakauliza: kipofu akimpofusha mwenzake, utamng'oa nini? Basi malipo ni fedha, nayo yana mafungu matano: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na fedheha. Hasara ya kiungo ilipimwa kwa bei ya soko la watumwa, yaani mtu huyu angeuzwa kiasi gani akiwa mzima na kiasi gani sasa. Kipimo hicho leo kinatukera, na ni haki kitukere. Aliyekatwa mkono, siku zake za ugonjwa hulipwa kwa ujira wa mlinzi wa shamba la matango, kazi anayoiweza hata bila mkono huo, kwani thamani ya mkono imekwisha kulipwa. Asilipwe mara mbili. Fedheha nayo hutegemea ni nani aliyeaibisha na ni nani aliyeaibishwa. Ukifikiria fungu hilo la tano, utaona kwamba kumponya mtu jeraha hakujamaliza deni lako kwake.

Kwa nini mwizi aliyechinja au kuuza alipe ng'ombe 5 kwa ng'ombe mmoja, lakini kondoo 4 kwa kondoo mmoja?

Rabi Meir alisema ng'ombe ni mfanyakazi, hivyo mwizi amemkatiza mwenye ng'ombe kulima. Rabani Yohanani ben Zakai aliangalia upande wa mwizi: kondoo hubebwa mabegani, na aliyembeba alijidhalilisha njiani, kwa hiyo apunguziwe. Heshima ya binadamu, hata ya mwizi, ina uzito mahakamani. Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, hulipa mara mbili tu.

Punda wa adui yangu ameanguka na mzigo. Mwenyewe amekaa pembeni ananitazama. Nimsaidie?

Kutoka 23:5 inaamuru usaidie *pamoja naye*, na Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inayasoma maneno hayo kwa makini. Akikaa na kusema, "Ni amri yako, shusha mwenyewe," huna wajibu. Akiwa mzee au mgonjwa, unao. Na ukikuta wawili, rafiki anayehitaji kushusha mzigo na adui anayehitaji kupakia, Talmudi inasema anza na adui, ingawa kwa kawaida kushusha hutangulia kwa sababu mnyama anaumia. Sababu iliyotolewa ni kuishinda tabia yako. Wanaofundisha parasha hii mara nyingi hukomea kwenye "mpende adui", na hilo silo linalosemwa hapa: hakuna aliyeambiwa abadilishe moyo kwanza. Anaambiwa ashike mzigo, na mwenye mzigo naye ashike.

Kuhusu mgeni, ni kweli amri ya kutomwonea inarudiwa mara nyingi katika Taurati?

Ndiyo. Rabi Eliezeri alihesabu mara 36, na wengine wakasema 46.

Nisomeje mwenyewe nyumbani?

Desturi ya zamani ni kusoma kila aya mara mbili kwa Kiebrania na mara moja katika tafsiri ya Kiaramu ya Onkelosi. Badala ya Onkelosi, wengi hutumia ufafanuzi wa Rashi (1040–1105), mwalimu wa Troyes, Ufaransa. Parasha ina sehemu 7, basi gawanya kuanzia Jumapili, umalize kabla ya mlo wa Sabato. Kosa la kawaida ni kuanza na funzo kisha kutafuta aya ya kuliunga mkono. Anza na swali dogo la kisheria: nani analipa, kiasi gani, na kwa nini si zaidi?

Angalia pia namba. Aya ya mwizi wa ng'ombe ni 22:1 katika Biblia nyingi za Kiswahili, lakini 21:37 katika Kiebrania, na sura ya 22 yote inapishana kwa aya moja.