Rimu za alumini zilizofubaa: sabuni kwanza, msasa baadaye

Pikipiki inayolala Kigamboni au Kunduchi, kando ya bahari Dar es Salaam, haikai muda mrefu kabla rimu zake hazijaanza kuota unga mweupe. Injini bado inavuta, kiti bado kizima, lakini rimu zimepoteza nuru na ukizipitishia kidole zinakwaruza. Hapo ndipo watu huulizana kijiweni, na majibu huja haraka: maji ya betri, brashi ya waya, msasa wowote uliopo. Nimesafisha rimu zangu na za jamaa zangu kwa mikono, nyumbani, bila mashine kubwa, na nakuomba usishike hata kimoja kati ya hivyo vitatu kabla ya kujua unagusa nini.

Nazungumzia hasa rimu za spoti, zile zenye mikono michache minene badala ya spoku, kama zinazokuja kwenye baadhi ya Boxer na TVS.

Alumini haishiki kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo ndio mlinzi wake. Chumvi ndiyo inayoutoboa. Maji ya chumvi yakishapata upenyo, alumini huliwa kwenda ndani, na kinachotoka nje ni ule unga mweupe. Ukiufuta unakuta vishimo vidogo. Kishimo hakijazwi kwa kung'arisha, hata usugue hadi jua lizame. Ama unakwangua hadi uso wote uwe sawa na kina chake, ama unakifunika kwa rangi. Ukilijua hilo mapema utaacha kumwaga dawa juu ya dawa ukitegemea muujiza.

Kisha kuna swali ambalo wengi hawajiulizi: rimu yako ina rangi au iko tupu? Nyingi hutoka kiwandani zimepakwa rangi, au zimewekwa vanishi angavu juu ya chuma kinachong'aa, kwa hiyo mtu hudhani anaona alumini yenyewe. Kupima ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, tia Brasso (dawa ya kung'arishia metali) kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikigeuka cheusi papo hapo, unagusa alumini tupu. Kikibaki na rangi ya dawa tu, bado kuna vanishi au rangi juu, na Brasso haitasaidia kitu, kwa sababu ubovu uko chini ya vanishi. Mara nyingi utauona wenyewe: mistari myembamba iliyojipinda kama njia za minyoo, imeanzia palipochubuka na kusambaa. Hapo vanishi yote lazima itoke kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa sabuni. Nasisitiza hatua hii kwa sababu rimu nyingi nilizoletewa zikisemwa zimeoza zilikuwa chafu tu. Subiri gurudumu lipoe, mwagia maji mengi yaondoe mchanga, kisha sabuni ya unga iliyoyeyushwa, sponji, na mswaki wa zamani kwa pembe za mikono na kuzunguka vali. Gurudumu la nyuma lina kazi zaidi, maana cheni hulirushia mafuta na vumbi hugandia humo. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa na ufute taratibu, usimwage. Mafuta ya taa hayatakiwi kwenye tairi wala kwenye breki. Suuza, kausha, tazama tena. Vidoa vyeupe vyepesi kwenye alumini tupu hutoka kwa ndimu au siki: paka, ngoja dakika chache, suuza kwa maji mengi. Ukiona umeridhika hapo, ishia hapo. Kila msasa unaoupitisha unakula chuma ambacho hakirudi.

Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Yanaunguza ngozi na macho, na yakipenya kwenye boliti, beringi na breki yanaendelea kula baada ya wewe kuondoka. Dawa za kuzibua mabomba zenye kostiki soda ni mbaya vilevile: alumini ikikutana nayo hutoa mapovu ya gesi na uso wake huliwa vibaya. Brashi ya waya na pamba ya chuma zinaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na chembe hizo zikipata unyevu zinaota kutu, kwa hiyo rimu uliyoisafisha leo inakuja kuwa na vidoa vya kahawia.

Na tafadhali, usiwashe injini, ukatia gia na kushikilia kitambaa kwenye gurudumu la nyuma linalozunguka. Nimeona vijana wakifanya hivyo mchana kweupe kwenye vituo vya kuoshea. Kitambaa kikinaswa na cheni, vidole vinakwenda nacho. Zungusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

Rimu ikiwa safi ndio wakati wa kuikagua. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati na uangalie mikono inapoungana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na inapoungana na duara, kisha ukingo wote na tundu la vali. Ukiona ufa, hata mwembamba wa unywele, kazi ya urembo imekwisha: rimu hiyo haistahili rangi, inastahili kubadilishwa. Vivyo hivyo kwa rimu iliyokunjwa na shimo la barabarani kisha ikanyooshwa kwa moto na nyundo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na tofauti na chuma cha kawaida haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo fundi mwenye gesi haoni kwa macho kwamba ameshaiharibu nguvu. Rangi mpya juu ya rimu ya namna hiyo inaficha hatari tu.

Kama ni nzima, chagua: ing'ae au ipakwe rangi? Ushauri wangu kwa pikipiki ya kazi inayokaa pwani ni rangi. Alumini iliyong'arishwa ni nzuri mno, naipenda, lakini inabaki uchi mbele ya chumvi, na usipoifuta na kuipaka nta kila wiki inafubaa upya. Vanishi juu ya chuma laini namna hiyo haishiki vizuri. Aliye Dodoma au Tabora, mbali na bahari, ana nafasi zaidi ya kufurahia mng'ao.

Kwa mng'ao, tumia msasa wa maji: anza na namba 400 penye vishimo (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kisha 600, 800, 1000, 1500 na 2000, kila mara ukilowesha na ukibadilisha mwelekeo wa kusugua, ili uone mikwaruzo ya msasa uliotangulia ikiisha kabla ya kusonga mbele. Ukiruka namba, mikwaruzo itajitokeza ukifika mwisho na itakubidi urudi nyuma. Mwisho ni Brasso au dawa nyingine ya kung'arishia metali, kitambaa laini, na subira.

Kwa rangi, bora utoe gurudumu, na kama unaweza toa na tairi. Usipotoa tairi, punguza upepo, sukuma mpira utengane kidogo na ukingo, kisha chomeka karata za kuchezea kuzunguka rimu yote. Zinakinga tairi kuliko gazeti. Kwangua kwa msasa wa 320 au 400 hadi uso wote uwe mkavu usiong'aa, futa kwa thina, na usiuguse tena kwa mkono mtupu. Dukani uliza praima, yaani rangi ya msingi, inayofaa alumini. Rangi iliyopakwa moja kwa moja bila praima hubanduka vipande vipande. Puliza siku hiyohiyo, kabla utando wa oksidi haujanenepa tena. Tabaka jembamba, ngoja likauke, jingine jembamba. Msimu wa masika uache upite: unyevu mwingi hewani huifanya vanishi iwe na ukungu mweupe. Fanyia kazi mahali penye hewa na uvae barakoa ya rangi, hasa ukitumia rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), kwa maana mvuke wake unaumiza mapafu.

Kuna sehemu zisizotakiwa kuguswa na rangi, nta wala dawa ya kung'arishia: ndani ya drumu ambapo breki shuu husugua, uso wa diski, mahali diski inapokaa, makazi ya beringi, na sehemu ambazo bushi za ekseli hubana. Zifunike kwa tepu ya karatasi kabla hujafungua kopo. Pale tairi linapokaa kwenye rimu, ondoa unga mweupe lakini usirundike rangi. Kwa tairi lisilo na tyubu, hapo ndipo upepo huvuja.

Wenye rimu za alumini zenye spoku za chuma, angalieni mahali spoku zinapoingia kwenye duara. Metali mbili tofauti zikiunganishwa na maji ya chumvi, alumini huliwa haraka. Kausheni hapo kwa kitambaa kila mnapoosha, na pakeni mafuta kidogo.

Baada ya hapo matunzo ni maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka barabara ya ufukweni, na nta ya gari juu ya rangi iliyokwisha kukomaa. Siku ya kurudisha gurudumu, hakikisha mshale wa tairi unafuata upande gurudumu linakozunguka likienda mbele, rekebisha cheni, kaza nati ya ekseli, rudisha pini yake kama inayo, kisha zungusha uone halisugui popote. Endesha polepole uani ukijaribu breki zote mbili kabla ya kutoka barabarani, kwa sababu mafuta kidogo tu yaliyobaki kwenye breki yanatosha kukuangusha kwenye mzunguko wa kwanza.