Usimlipe mtu kunoa msumeno wako: tengeneza kifaa hiki cha mbao

Juzi kijana mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Fundi, shikamoo. Msumeno wangu nilipeleka kunolewa, umerudi unakula vizuri ila haunyooki, unavuta kulia. Naambiwa mkono wangu ndio mbovu. Ni kweli?"

Si kweli, mdogo wangu. Nitakujibu hapo chini, lakini kwanza niseme lililo moyoni, maana hata mimi niliambiwa hivyohivyo.

Useremala nimejifunzia kwenye karakana moja hapa Mwanza. Fundi mkuu alikuwa hodari, milango yake ya mninga ilikuwa inafunga bila hata kuguswa na randa mara ya pili, hilo simnyimi. Ila siku ya kunoa misumeno alikuwa anatupa mgongo. Tupa yake, kile chuma cha kukwaruzia cha kunolea meno, aliiviringisha kwenye kitambaa, jioni anaondoka nayo. Ukiuliza, anakwambia: "Dogo, kunoa ni kipaji, hakufundishwi." Misumeno yetu ikiwa butu ananoa yeye, na hela inakatwa kwenye posho yetu, posho yenyewe ya nauli na chai. Nimeshamsamehe, lakini bado inaniuma.

Nilichofanya ni kumwangalia kiwiko. Mgongo unaweza kuficha tupa, hauwezi kuficha kiwiko. Kikawa kinakwenda mbele na kurudi kwenye mstari uleule, hakipandi, hakishuki, hakiyumbi. Nikaelewa kwamba kipaji chote ni hicho: tupa isibadilishe pembe kutoka jino la kwanza hadi la mwisho. Yeye miaka ilikuwa imemzoesha. Mimi ambaye sina hiyo miaka, kwa nini nisimpe ubao kazi ya kushika pembe?

Leo hii umeme ukikatika Nyakato, majirani zangu wenye mashine wanakaa kwenye benchi wanasubiri. Mimi naendelea. Wiki iliyopita nimepasua kwa mkono mbao za paina za kabati zima la mteja, na amelipata siku niliyomwahidi. Najivunia, sifichi.

Kifaa chenyewe ni hiki. Kwanza kishikio cha kuubana msumeno: chukua vipande viwili vya mbao ngumu, urefu karibu sawa na bapa la msumeno wako. Msumeno wa inchi 26 unataka kama sentimita 65. Viunge kwa chini kwa bawaba, katikati pitisha bolti mbili zenye nati za masikio ili ukaze kwa vidole. Kingo za juu zichonge mshazari kwa nje, tupa ipate nafasi. Msumeno unaingia katikati, meno yanachungulia juu kama milimita 5 tu. Ukiyaacha yatokeze sana bapa litatetemeka na kupiga kelele, na tupa inayopiga kelele hainoi, inaruka.

Sasa sehemu yenye siri yote. Tafuta kibao kidogo cha mbao ngumu, unene wa sentimita 2, kitoboe tundu jembamba kidogo kuliko ncha ya tupa ya pembetatu, kisha igonge ncha iume humo. Kabla hujaigonga, igeuze: kwa msumeno wa kupasua, ule unaokata kufuata nyuzi za mbao, uso wa tupa unaogusa mbele ya jino, yaani upande wa ncha ya msumeno, usimame wima. Kwa msumeno wa kukatia, ule unaokatiza nyuzi, uso huo ulale nyuma kama digrii 15. Ukiwa unanoa, kazi yako ni moja tu, kuangalia mgongo wa kibao ulale sambamba na sakafu. Kuhusu mwelekeo wa tupa ukitazama kutoka juu, chora juu ya kingo za kile kishikio mistari ya penseli: ya kupasua inakatiza bapa kwa digrii 90, ya kukatia imelala kama digrii 20 kutoka hapo. Tupa ifuate mstari. Pembe ileile, jino kwa jino.

Kabla ya yote sawazisha vimo vya meno kwa tupa bapa, hadi kila ncha iwe na kidoa kinachong'aa. Halafu noa mpaka kidoa kiishe, na hapohapo uache. Sukuma mbele, nyanyua ukirudi. Kwa wa kukatia, meno yamepindwa moja huku moja kule, kwa hiyo noa ukiruka jino moja moja, yale yaliyoinama kuelekea mbali na wewe, kisha geuza msumeno umalizie mengine. Ila misumeno mingi ya siku hizi ina ncha za meno nyeusi au za bluu zilizokomazwa kiwandani. Hiyo tupa inateleza tu juu yake, usiue tupa yako bure. Nunua mtumba wa zamani wenye chuma cha kawaida.

Na nyinyi mafundi wenzangu wenye vijana chini yenu, waonyesheni. Mtoto wa mtu amekuja kwako kutafuta maisha, unamgeuzia mgongo kwa ajili ya tupa? Riziki yako haipungui yeye akijua. Karakana yangu kishikio kiko juu ya benchi, mchana kutwa, na anayetaka kunoa ananoa.

Sasa wewe wa Sengerema. Msumeno unavuta upande ule ambao meno yameinama zaidi. Wako unavuta kulia, basi aliyeunoa ameyapinda ya kulia kupita ya kushoto. Ulaze bapa juu ya meza, upande wa kulia ukiwa juu, pitisha jiwe la kunolea taratibu ubavuni mwa meno, kuanzia upande wa mpini hadi ncha, mara moja tu. Chora mstari kwenye kipande cha mbao, ukate. Ukiona bado unavuta, rudia mara moja tena, ukate tena. Usiwe na haraka hapo, maana ulichosaga hakirudi.