Kutafuta nyumba Nairobi: tazama barabara na maji kabla ya jina la mtaa

Ndugu, umesema unatoka Kisumu, kazi iko Upper Hill, kodi isizidi shilingi 20,000 kwa mwezi, na watu wamekutajia Roysambu, Umoja, Rongai na South B. Mitaa yote hiyo ina nyumba nzuri na ina nyumba za majuto. Anza na barabara itakayokufikisha kazini, kisha maji ya ploti yenyewe, yaani jengo la kupangisha. Hayo mawili ndiyo huwahamisha watu kabla mwaka haujaisha. Mengine mtu huvumilia.

Matatu nyingi za Nairobi huishia katikati ya mji, na kila upande una steji zake. Za Thika Road hushusha Ngara na Odeon, za Rongai na Ngong hukaa Railways. Kwa hiyo ukikaa Roysambu, kufika mjini ni nusu tu ya safari: unashuka, unavuka mji kwa miguu, halafu unapanda gari la pili au unapandisha kilima. Umoja unakuja na Jogoo Road hadi Muthurwa, na bado Haile Selassie yote iko mbele yako. Rongai nyumba ni kubwa kwa bei hiyo, lakini karibu magari yote hutokea Magadi Road, na asubuhi inabana pale kwenye maduka ya Galleria kabla hujaingia Lang'ata Road. South B ndiyo huwapoteza wageni wengi. Kwenye ramani iko karibu na Upper Hill, ila Uhuru Highway imekaa katikati na matatu inakupeleka mjini kwanza. Ukiweza kutembea au kulipa boda kila siku, sawa.

Mimi kwa kazi ya Upper Hill ningetafuta kwanza upande wa Ngong Road, yaani Racecourse, Dagoretti Corner na Riruta ya karibu na barabara. Magari yake hupita hospitali ya Kenyatta na steji ya Community, huko huko Upper Hill, yakielekea mjini, hivyo unashuka njiani kwa nauli moja. Madaraka na Nairobi West nazo zinafaa kwa sababu ya Mbagathi Way, ingawa nyumba za bei yako huko huenda haraka. Ukipenda Syokimau au Imara Daima, kuna treni ya kuingia mjini, lakini safari zake ni chache asubuhi na jioni. Kama kazi yako huchelewa kufunga, usiitegemee.

Sasa piga hesabu ya kodi na nauli kwa pamoja. Tuseme nyumba ya 15,000 inakudai magari mawili kwenda na mawili kurudi, jumla shilingi 320 kwa siku. Kwa siku 24 hiyo ni 7,680, na nyumba yako imekuwa ya 22,680. Nyumba ya 19,000 yenye nauli ya 100 kwa siku inasimama 21,400, na unarudi mapema. Usitumie nauli ya saa sita mchana. Uliza ya saa moja asubuhi, ya saa kumi na mbili jioni na ya siku ya mvua, maana nauli hupanda saa hizo na makanga hatakusikiliza. Kabla ya kulipa chochote, ifanye safari hiyo siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa. Likizo za shule barabara hupungua magari na utaondoka na picha ya uongo.

Kuhusu maji. Maji ya kampuni ya jiji hutoka kwa wingi bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hugawanywa kwa zamu. Mtaa unaweza kupata siku mbili kwa wiki na wa jirani siku tano. Ukimwuliza keateka, yaani mtunza ploti, atakujibu "maji iko", kwa hiyo uliza hivi: yanakuja siku gani, na tangi ni la lita ngapi kwa nyumba ngapi? Ploti ya nyumba 24, kila moja ikitumia lita 150 kwa siku, inamaliza lita 3,600. Tangi la lita 10,000 halimalizi siku ya tatu. Zamu ikiwa Jumatatu na Alhamisi, tayari unajua siku utakazobeba jerikeni.

Panda ngazi hadi juu ukitazama milango. Ukiona kila nyumba ina pipa la buluu na jerikeni tano zimepangwa kwenye korido, umeshajibiwa. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa wakati mmoja uone kama moja linakufa. Uliza pia maji hupandaje. Presha ya jiji kwa kawaida haifiki ghorofa ya nne, kwa hiyo lazima kuwe na tangi la chini na pampu, na pampu hutaka stima. Stima ikipotea, maji hufuata. Ghorofa ya juu kabisa ina taabu yake: tangi la paani liko karibu mno na kichwa chako, presha ni ndogo, na ile shawa ya kupasha maji papo hapo haiwaki bila msukumo wa kutosha. Usikatae nyumba kwa hilo pekee, ila bafu la maji ya moto lijaribu ukiwa hapo hapo.

Ploti nyingi hujazia kwa kisima cha kuchimba, na sehemu nyingi za Nairobi maji hayo yana chumvi au floridi. Nawa kwa sabuni uone kama povu linakataa, kisha tazama ukoko mweupe kwenye bomba. Chumvi hula shawa ya kawaida, ndiyo maana madukani huuzwa aina ya maji ya chumvi. Floridi haiondoki kwa kuchemsha, ukichemsha unaikoleza. Kama una mtoto mdogo, mnunulie maji ya kunywa, kwa sababu floridi ikizidi meno yake yanaweza kutoka na madoa ya kahawia yasiyosafishika.

Ardhi nayo ina neno. Upande wa mashariki na kusini, kama Utawala, Embakasi na Syokimau, udongo ni ule mweusi unaonata. Kipande cha mita 300 bila lami kati ya steji na geti si kitu Januari, lakini Aprili ni viatu viwili kila asubuhi. Waulize wenye maduka mvua ya 2024 ilifika wapi. Mtu wa duka hukumbuka, maana alibeba magunia. Nairobi West na South C ziko ploti zinazoingia maji na nyingine hatua chache tu kutoka hapo zikabaki kavu. Nyumba iliyo ukingoni mwa mto iache hata ikiwa nusu bei. Mbali na mafuriko, serikali hubomoa.

Stima: hakikisha mita ni ya KPLC, kampuni ya umeme, na ina nambari yake. Mita ndogo ya mwenye nyumba hukuuzia yuniti kwa bei yake. Omba kuonyeshwa ujumbe wa tokeni wa karibuni, uone shilingi ngapi zilitoa yuniti ngapi, na kama kuna deni la mpangaji aliyehama linalokatwa humo.

Rudi mtaani saa mbili usiku, utembee kutoka steji hadi geti. Mwulize mama mboga anafunga saa ngapi. Akifunga saa moja, ana sababu. Jumapili asubuhi usikilize spika za makanisa, Ijumaa usiku za baa.

Usilipie nyumba ukiwa Kisumu, hata picha zikiwa nzuri namna gani. Wakala atakudai ada ya kutazama. Mlipe ukiwa umesimama mlangoni, usitume mbele. Kodi na depositi vilipwe kwa akaunti au Paybill (nambari ya malipo ya M-Pesa) iliyoandikwa kwenye mkataba, baada ya kuongea na mpangaji mmoja pembeni kuhusu nani hasa hupokea pesa. Soma kifungu cha depositi, hasa rangi: wengi hukata gharama ya kupaka rangi ukihama. Siku unayopewa ufunguo, piga picha za kuta, sinki, vitasa na mita kabla lori la kanta halijashusha mzigo, kisha umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa WhatsApp ili tarehe ibaki.