Uliza Fundi: Meseji za wateja zinaishia kwa simu ya bosi

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi niko mapokezi kwa ofisi ya kusafirisha mizigo huku Industrial Area. Tuko na simu za IP, zile zinapitia mtandao, mfumo wa kuziendesha ni FreePBX, na seva si yetu, tunakodi, iko nje ya ofisi. Bosi anashinda Embakasi kule kwa makontena kwa hivyo aliweka simu yake ya mezani ifowadi kwa simu ya mkono. Sasa mteja akipiga na bosi hashiki, anaangukia voisimeli ya simu ya mkono na hizo bosi haskizi hata siku moja. Halafu stima ikipotea ofisini hio fowadi pia inakufa. Nataka meseji zibaki kwa voisimeli ya ofisi. Nifanye aje?
Msomaji, Industrial Area

JIBU: Dada, hizo shida mbili mzizi wake ni mmoja: fowadi imewekwa kwa simu yenyewe badala ya kuwekwa kwa seva.

Ukiingia kwa menyu ya simu ya mezani ukaweka fowadi huko, seva haijui kitu. Simu ikija, seva inaipeleka kwa ile simu ya mezani, nayo inajibu kwa namba ya ishara 302, maana yake huyu mtu amehama kwa muda, mtafute kwa nambari hii. Sasa stima ikienda simu ya mezani imezimika, nani atatoa hilo jibu? Hakuna, na mteja anakatikiwa ama anapelekwa popote seva imepangiwa. Kwa hivyo kitu ya kwanza kabisa toa hio fowadi kwa simu ya bosi, toa yote.

Ya pili ni voisimeli. Simu ya mkono ikipokelewa na voisimeli ya kampuni ya simu, seva yenu inaona simu imeshikwa basi, haiwezi kutofautisha bosi na mashine, na ikishaona imeshikwa kazi yake imeisha, haiwezi tena kumrudisha mteja kwa voisimeli ya ofisi. Watu wengi hapa wanajaribu kucheza na sekunde, wanapunguza muda wa kulia ndio voisimeli ya ofisi iwahi kushika mbele ya ile ingine. Inasaidia, lakini siku simu ya bosi imezima, voisimeli ya mkono inashika mara moja na hesabu yako yote imeharibika.

Dawa yenyewe ni ile sehemu inaitwa Follow Me, iko ndani ya ekstensheni ya bosi, yaani namba yake ya ndani ya ofisi, kwa FreePBX. Mwambie mwenye paswadi ya seva aiwashe, simu ya mezani ilie kwanza kama sekunde 10, halafu kwa orodha ya hio Follow Me aweke nambari ya mkono ya bosi na alama ya # mwisho wake ndio seva ijue hio ni nambari ya nje, ilie sekunde 20. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi hupita haraka, awashe Confirm Calls, yaani kuthibitisha simu. Ikiwa imewashwa, mwenye kushika simu ya mkono anaambiwa abonyeze 1 kabla ya kuunganishwa na mteja. Voisimeli haiwezi kubonyeza 1! Sekunde zikiisha bila hio 1, mteja anarudishwa kwa ekstensheni na kutoka hapo anaenda kwa voisimeli ya ofisi, mahali ulikuwa unataka. Ila mtindo wa kuita kwa hio Follow Me uwe wa aina ya ringall, ule wa kuliza namba zote za orodha pamoja, ndio Confirm Calls ifanye.

Mweleze bosi kuhusu hio 1 mapema tafadhali, la sivyo atashika, atasema halo halo, atakata na wewe ndio utaitwa.

Pia mjue simu ikitoka nje hivyo inakula laini mbili, moja ya mteja kuingia na moja ya kwenda kwa bosi, na hio ya pili mnalipa nyinyi. Ofisi yenye laini mbili pekee, simu moja ya bosi ikiendelea mteja mwingine anapata bize.

Kuskiza meseji, bonyeza *97 kwa simu ya bosi. Ukiwa kwa simu ingine ni *98, halafu namba ya sanduku lake la voisimeli. Muulize pia fundi kama paswadi ya hio voisimeli bado ni namba ya ekstensheni, maana wengi huacha hivyo na hio ni hatari sana, mtu wa nje anaweza kuibahatisha. Ndani ya menyu ya voisimeli bonyeza 0 halafu 5, ubadilishe leo. Bosi akisafiri, 0 halafu 4 inarekodi salamu ya muda, ile ya kawaida inabaki vile ilikuwa.

Mkimaliza jaribu hivi: chomoa kebo ya mtandao kwa simu ya bosi, zima simu yake ya mkono, halafu piga ofisini kutoka nje. Ukiskia sauti ya salamu ya ofisi, acha meseji, rudisha kebo, uone kama taa ya meseji kwa simu ya bosi imewaka.