Kabla hujampa kobe dawa ya minyoo, tazama choo chake

Watu wanaotuletea wanyama kwenye kituo chetu cha kuokolea wanyama, hapa nje kidogo ya mji wa Malindi, wana swali moja wanalolipenda kuliko yote: "Mmeshampa dawa ya minyoo?" Anauliza mkulima wa Kakuyuni aliyemkuta kobe amepasuliwa gamba na trekta. Anauliza kijana wa bodaboda aliyemwokota kenge kwenye barabara ya kwenda Sala. Wanauliza hata wanaokuja kujitolea, wiki yao ya kwanza. Ni swali la mtu mwenye huruma, na yeyote aliyefuga mbuzi au kuku anajua minyoo inavyommaliza mnyama. Lakini kwa kobe, nyoka na mijusi jibu langu karibu kila mara ni bado. Na wapo ambao hatutawapa kabisa.

Kobe wa porini kuwa na minyoo si ugonjwa. Ndani ya utumbo mpana wa kobe wa madoa, huyu tunayekutana naye sana mashambani, mara nyingi mna vijiminyoo vyeupe vifupi kuliko punje ya mchele, tena vingi. Kobe anakula majani, anakua, anataga, na havimsumbui. Wako hata wataalamu wanaofikiri vinasaidia kukorogakoroga majani yanayochachuka humo tumboni. Mimi nikiviona kwenye choo cha kobe mnene, mwenye macho maangavu, anayetembea kwa nguvu, naandika kwenye daftari na kuendelea na mambo mengine.

Shida huanza tunapomfungia. Porini kobe hula hapa, hunya pale, na kesho yuko shamba la pili. Mayai ya minyoo yamebaki nyuma, na mengi hukauka juani. Ndani ya kizimba anakanyaga choo chake mwenyewe, anakiburuta mpaka kwenye mchicha uliomwekea, na kuyameza mayai yaleyale aliyoyatoa. Iko minyoo isiyohitaji konokono wala chura wa kupitia katikati; inatoka kwa mnyama na kurudi kwa mnyama moja kwa moja. Hiyo ndiyo inayojaa kwa muda mfupi kwenye boma dogo. Juu yake weka maumivu ya jeraha, hofu ya kushikwashikwa na binadamu, na ubaridi wa sakafu ya saruji. Kinga ya mwili inashuka, na wale waliokuwa wapangaji watulivu wanakuwa maadui. Kwa hiyo naamini kabisa kwamba kwenye kituo cha kuokolea wanyama fagio na ndoo vinafanya kazi kubwa kuliko chupa ya dawa. Choo kiondolewe siku hiyohiyo kinapoonekana. Chakula kiwekwe juu ya kigae au sahani pana inayooshwa, kisitupwe mchangani. Mchanga wa kizimba ubadilishwe kila mnyama anapotoka, kabla mwingine hajaingia.

Sasa niseme kuhusu dawa yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kobe wanapokufa. Dawa ya ivermektini inauzwa kwenye kila duka la dawa za mifugo kuanzia Malindi hadi Gongoni. Kwa ng'ombe na mbuzi ni dawa nzuri ya minyoo na upele. Kwa kobe na kasa ni sumu. Kwao inapenya hadi kwenye ubongo, miguu inalegea, shingo inashindwa kujiinua, mwisho pumzi inakatika. Jambo hili si geni: majaribio yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kobe wakipooza kwa kipimo kidogo sana. Kwa baadhi ya nyoka na mijusi daktari wa wanyama huweza kuitumia kwa uangalifu, lakini kwa mnyama yeyote mwenye gamba la mviringo mgongoni, haitumiki.

Msimu mmoja wa kusi alikuja mzee kutoka Marafa, kobe ndani ya kikapu cha ukili, na chupa ndogo mfukoni.

"Mwanangu, kupe wamemjaa mapajani. Nilitaka kumdunga mwenyewe kwa dawa ya mbuzi, nikaona niulize kwanza."

"Umefanya vyema sana, baba. Hiyo ingemuua."

Akaigeuza chupa mkononi, akaisoma upya. "Na mbuzi wangu wote wanapona kwayo!"

Kupe tuliwatoa mmoja mmoja kwa kibanio, tukiwashika karibu kabisa na ngozi, mzee mwenyewe akimshikilia kobe wake. Hakukuhitajika sindano yoyote.

Ziko dawa nyingine ambazo madaktari huwapa kobe, na fenbendazoli ndiyo inayosikika zaidi. Nayo haina ruhusa ya kumiminwa kwa kukadiria. Ikizidi inaweza kudhoofisha uboho wa mifupa, pale chembe za damu zinapotengenezwa, na mnyama aliyekuja na minyoo michache akaondoka bila kinga. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni, umpe daktari namba kamili, yeye ndiye aamue. Muulize pia lini dozi irudiwe, kwa kuwa dawa inaweza kuua minyoo mikubwa huku mayai yakisalimika.

Hata pale dawa inapohitajika, maji na joto vinatangulia. Mnyama aliyekaukiwa na maji ukimpa dawa ya minyoo unazibebesha figo zake mzigo zisiouweza. Na reptilia, yaani mnyama wa jamii ya kobe, nyoka na mijusi, hana moto wake mwenyewe ndani. Akiwa baridi, chakula hakisagiki na dawa haifanyi kazi ipasavyo. Watu hufikiri Malindi joto lipo mwaka mzima. Njoo Juni au Julai, kusi linavuma, mvua imenyesha usiku, umshike kobe aliyelala kwenye sakafu: ni baridi kama jiwe la kisimani. Tunampa taa ya kumpasha upande mmoja wa kizimba na kivuli upande wa pili, achague mwenyewe. Kila asubuhi tunamweka kwenye beseni la maji vuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 15 hadi 20. Anakunywa, na mara nyingi humohumo anakunya. Chukua choo hicho kikiwa bado kibichi, kwa sababu ndicho kitakachokuambia ukweli.

Namna ya kukitazama si ya watu wa maabara kubwa pekee. Kwanza paka tone la choo kibichi na tone la maji ya chumvi hafifu, ile ya dripu, kwenye slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea chini ya hadubini, utazame papo hapo. Amiba, vijidudu vya chembe moja, na vijidudu vyenye mikia huonekana vikicheza, na vikipoa au kukauka huvioni tena. Kisha fanya kipimo cha kuelea. Chemsha maji, tia chumvi huku ukikoroga hadi itue chini isiyeyuke tena. Sisi tunatumia ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni. Yaache yapoe. Chukua choo kiasi cha punje ya choroko, kiponde ndani ya maji hayo, ukipitishe kwenye chujio la chai ambalo halitarudi jikoni maisha yake yote. Jaza kichupa chembamba mpaka maji yafanye mgongo mdomoni, yakikaribia kumwagika. Laza kioo chembamba cha kufunikia slaidi juu yake, kiguse maji bila kuacha povu. Subiri dakika 15 au 20. Mayai mepesi hupanda na kunata kwenye kioo. Kinyanyue wima, ukiweke kwenye slaidi, anza na lenzi ndogo. Yai la vile vijiminyoo vya kobe lina ubavu mmoja uliobonyea. Yai la minyoo mikubwa ya mviringo lina ganda nene. Mayai ya minyoo bapa ni mazito, hayaelei. Hayo utayatafuta kwenye mashapo, kwa kuacha choo kitulie chini ya maji matupu.

Kwa nyoka jihadhari na mayai ya uongo. Chatu aliyemla panya hutoa mayai ya minyoo ya panya, yamepita tu njia. Ukimtibu kwa hayo, umemtibu panya aliyekwisha kufa. Lakini nyoka anayetapika chakula siku chache baada ya kula, na katikati ya mwili ana uvimbe unaoonekana, mtenge mara moja, kwani huenda ni kriptosporidia ya tumboni, kimelea kisichoonekana kwa macho, na hiyo haina tiba ya kutegemewa. Panya wa kulisha wakigandishwa kwenye friza kwa wiki kadhaa, mabuu mengi ya minyoo yanakufa humo.

Kuhusu kuchanganya wanyama, hapa huwa siongei kwa upole. Iko amiba, Entamoeba invadens, ambayo kobe anaweza kuibeba bila dalili yoyote. Ikimfikia nyoka au kenge inamchana matumbo na ini, anatoa choo cha damu na kufa. Kwa hiyo kobe na nyoka hawalali banda moja, hawashiriki beseni, wala ndoo, wala kitambaa. Anayehudumu aanze na nyoka, amalizie kwa kobe, na asirudi nyuma. Nimeona vituo vyenye majengo mazuri vikivunja kanuni hii kwa sababu ya upungufu wa ndoo. Ndoo ni rahisi kununua.

Kasa nitawasema kwa ufupi, maana wana wenyewe. Kasa anayeelea asiweze kuzama, wengi husema ana minyoo. Mara nyingi ni gesi tumboni, na sababu mojawapo ni plastiki aliyoimeza. Wanayo pia minyoo bapa inayoishi ndani ya mishipa ya damu, na mayai yake hunasa kwenye kuta za utumbo na viungo vingine, jambo ambalo huwezi kulitatua ukiwa ufukweni na chupa ya dawa. Wavuvi wa Mayungu na Watamu wanajua pa kumpeleka: Local Ocean Conservation, shirika la kuokoa kasa, walioanza mwaka 1997 wakiitwa Watamu Turtle Watch. Na nyoka usimguse wewe. Bio-Ken, shamba la nyoka, wako hapo hapo Watamu tangu 1980.

Osha mikono kwa sabuni kila unapomshika mnyama hata mmoja, na watoto wasimbusu kobe. Salmonela, bakteria wa kuharisha, hukaa kwenye matumbo ya reptilia wazima kabisa. Na kumbuka sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013: kumfuga kobe wa porini nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama nia yako ni kumtibu. Wapigie KWS, shirika la serikali la wanyamapori, siku hiyohiyo.

Akipona, tunatazama choo tena kabla hajarudi. Sitafuti mayai sifuri. Mnyama wa porini asiye na mnyoo hata mmoja simjui. Ninachotafuta ni mnyoo ambao hakuja nao, ule aliouokota kwetu, kwa jirani yake wa kizimba. Huo akiupeleka msituni anawagawia wenzake ambao hawajawahi kuuzoea. Kobe wa Marafa arudishwe Marafa, si Arabuko-Sokoke kwa kuwa msitu unapendeza. Apelekwe asubuhi, jua likishapasha ardhi, awe na saa za kutosha kula na kutafuta pa kulala kabla ya giza.