Barua kwa Wingi na Punguzo la Posta: Ushauri kutoka Masjala ya Chama, Tanga

Posta haimpunguzii mtu gharama kwa sababu tu ana barua nyingi. Humpunguzia kwa sababu barua zake zimefika kaunta zikiwa zimekwisha kufanyiwa kazi ambayo vinginevyo ingewaangukia watumishi wa posta wenyewe: zimepimwa, zimehesabiwa, zimechambuliwa kwa mahali zinakokwenda, na kufungwa katika mafungu ambayo hakuna haja ya kuyafungua mpaka yafike huko. Makatibu wengi wa vyama, wahasibu wa shule na viongozi wa jumuiya za dini hapa Tanga huenda kuomba nafuu wakiwa na kiroba cha bahasha zilizochanganyika, kisha hushangaa wanapoambiwa wabandike stempu kama watu wengine. Mimi ni karani wa masjala katika chama cha akiba na mikopo chenye wanachama kutoka Mkinga hadi Kilindi, pamoja na wengine waliohamia Dar es Salaam na Arusha, na kila mwaka hupeleka posta taarifa za mkutano mkuu zikiambatana na muhtasari wa hesabu. Ninayoyaandika hapa yanatokana na kazi hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba siku hizi ujumbe wa simu unatosha. Kwa tangazo la tarehe na mahali unatosha kabisa, na sisi pia huutuma. Lakini hesabu za mwaka hazisomeki kwenye ujumbe wa simu, na mzee wa Mlalo aliyestaafu ualimu anataka karatasi anayoweza kuipigia mstari kwa kalamu kabla ya kuja kutuuliza maswali mkutanoni.

Jambo la kwanza ni kuzungumza na msimamizi wa ofisi ya posta kabla hata ya kuchapa chochote, na mkishaelewana muandikiane. Ulizia idadi ya chini inayohesabiwa kuwa shehena ya wingi, uzito wa juu wa kila barua, kama mtalipia kwa stempu au kwa alama itakayochapwa kwenye bahasha badala ya stempu, siku na saa ya kuwasilisha, na nani atakayehakiki idadi. Kila nchi ina vipimo vyake. Nchini Marekani, kwa mfano, barua za daraja la kwanza huhitaji kufika 500 kwa mara moja ili zihesabiwe kuwa za wingi, na zile za matangazo huhitaji kufika 200 au uzito wa ratili 50, yaani karibu kilo 23. Tena mtumaji hutakiwa kuwa amehakiki anwani za watu waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Sisemi masharti hayo yanatuhusu sisi. Nayataja kwa sababu yanaonyesha wazi kile ambacho posta yoyote inakinunua kwako inapokupunguzia: wingi unaofanana, anwani zilizo hai, na mpangilio. Ukienda kwa msimamizi ukiwa na vitu hivyo vitatu mkononi, mazungumzo huwa mafupi na ya kirafiki.

Sasa orodha ya anwani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe, kwani hayo mengine ni mikono tu. Barua zetu nyingi haziendi mlangoni kwa mtu. Huenda kwenye sanduku la posta, na mtumishi wa posta ndiye anayezitumbukiza humo moja baada ya nyingine. Kwa hiyo namba ya S.L.P. na jina la ofisi ya posta ni lazima vikae katika safu zake peke yake kwenye jedwali la kompyuta, visichanganywe na jina la kijiji wala namba ya simu. Safu ya namba iwe ya tarakimu tupu. Mtu akiandika "S.L.P. 210" ndani ya kisanduku kimoja, kompyuta huihesabu kuwa maneno, na ukiiambia ipange itakuletea 1, kisha 10, kisha 100, ndipo 2, na mpangilio wote utakuwa hauna faida kwa anayesimama nyuma ya masanduku. Andika 210 peke yake, na herufi za S.L.P. ziwekwe na kompyuta wakati wa kuchapa lebo.

Majina nayo yana fitina yake. Katika orodha za pwani mtu mmoja huweza kuwa Ally kwenye fomu ya kujiunga, Ali kwenye fomu ya mkopo na Alli kwenye daftari la mahudhurio. Rajabu akawa Rajab, Mwanaidi akawa Mwana Idi. Kompyuta huwaona hao kuwa ni watu tofauti, na kila mmoja hupelekewa bahasha yake kwa gharama ya chama. Mimi hupanga orodha kwa namba ya sanduku badala ya jina, kisha husoma kwa macho wale wanaotumia sanduku moja. Hapo wanaojirudia hujitokeza wenyewe, kwa sababu Ally na Alli hawawezi kujificha wakiwa wamepangana chini ya S.L.P. moja. Njia bora zaidi ni kutumia namba ya uanachama, lakini hiyo husaidia tu pale ambapo mtu hakusajiliwa mara mbili, na chama chochote kilichoanza kwa madaftari ya mkono kina watu waliosajiliwa mara mbili.

Kupanga kwa sanduku hufichua na jambo jingine lenye faida kubwa hapa kwetu. Watu wengi hawana sanduku lao wenyewe. Wanatumia la shule, la hospitali, la parokia au la shamba la mkonge walikoajiriwa. Unaweza kukuta wanachama kumi na kitu wote wako chini ya namba ya shule moja ya sekondari. Barua hizo zifungwe fungu lake na kuwekewa kikaratasi cha juu chenye namba ya sanduku hilo, ili mtumishi wa posta atumbukize fungu zima kwa mara moja. Mkuu wa shule au mhasibu wake akikubali kuwagawia, ni nafuu zaidi kuziweka zote katika bahasha moja kubwa kwa jina la ofisi yake na kuituma kama kifurushi kimoja. Hilo lifanyike kwa idhini ya wanachama wenyewe, maana wengine hawapendi mwajiri ajue kwamba wana hisa mahali, na wana haki.

Kuhusu msimbo wa posta, usiupuuze hata kama kwa sasa barua zako zinafika bila huo. Una tarakimu tano: ya kwanza hutaja kanda, ya pili hukamilisha mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Misimbo ya Mkoa wa Tanga huanza na 21. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, wanachama wetu wengi wamekuwa wakitupa jina la mtaa na namba ya nyumba. Tunaviandika hivyo katika safu zake bila kuifuta S.L.P., kwa sababu anwani ya nyumba inaeleza mtu anakoishi, na sanduku linaeleza barua inakochukuliwa, na mara nyingi ni sehemu mbili tofauti kabisa. Ukishakuwa na msimbo, kompyuta inaweza kupanga orodha kwa wilaya bila wewe kukumbuka kwamba Bumbuli iko Lushoto.

Uzito ndio unaoangusha watu wengi kwenye kaunta. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 kamili, kwa kuwa karatasi kumi na sita za ukubwa huo hutimiza mita moja ya mraba. Karatasi tatu ni gramu 15, na bahasha ndefu ya kawaida huongeza gramu kati ya 4 na 5. Umefika gramu 19 na ushei. Kama daraja la uzito ulilokubaliana na posta linaishia gramu 20, huna nafasi ya karatasi ya nne, na hata kikaratasi kidogo cha tangazo la ziada kinaweza kukuvusha. Wakati mmoja mpiga chapa alitutolea taarifa kwenye karatasi ya gramu 100 kwa sababu ile ya 80 ilikuwa imemwishia, akaona anatufanyia hisani kwa kuwa ilikuwa nzito na nyeupe zaidi. Karatasi tatu za aina hiyo ni gramu 18.75 kabla ya bahasha, na kwa hiyo kila barua ikapita gramu 23 na kuingia daraja la juu. Tangu hapo uzito wa karatasi huandikwa kwenye oda, na sampuli moja kamili, ikiwa na bahasha na lebo, hupimwa kabla mashine haijaanza kuchapa.

Hapa pwani kuna hesabu nyingine ambayo wenzetu wa Dodoma hawaijui. Mikutano mikuu ya vyama vingi huangukia baada ya hesabu kukaguliwa, na kwa hiyo barua huandaliwa katikati ya masika. Unyevu wa Tanga wakati huo huingia kwenye karatasi na kuiongezea uzito kidogo, jambo lisilo na maana kwa barua ya gramu 12, lakini lenye maana sana kwa barua ya gramu 19.5. Unyevu huohuo hulainisha gundi ya bahasha, na ukizirundika wazi dirishani asubuhi utazikuta zimejifunga zenyewe bila kitu ndani. Weka karatasi na bahasha katika mifuko ya nailoni mpaka siku ya kuzitumia, na upime siku ile ile unayopeleka.

Baada ya kupima ndipo uchambuzi, na hapa ushauri wangu ni kusahau alfabeti. Panga kwa jinsi mfuko wa posta unavyosafiri. Barua za Muheza na zile za Amani hutoka kwa barabara ya Segera. Segera njia huachana, moja ikielekea Chalinze na Dar es Salaam, nyingine Korogwe na Mombo hadi Moshi na Arusha. Za Lushoto huacha barabara kuu pale Mombo na kupanda Soni. Mkinga ni upande wa Horohoro, na Pangani ni kusini. Handeni ina njia mbili, ya Korogwe na ya Mkata, na barua za Songe huifuata Handeni. Hapo usikisie kwa kutazama ramani. Muulize mtumishi wa posta ni ofisi ipi inayopokea mfuko wa wapi, kwani kituo kinachopokea barua kwa niaba ya vingine si lazima kiwe ndicho kilicho karibu. Mimi huandika majibu yake kwenye karatasi moja, nikaibandika ukutani juu ya meza, na makundi mezani hufuata karatasi hiyo. Ndani ya kila kundi, barua hupangwa kwa namba ya sanduku, kutoka ndogo kwenda kubwa. Tukichapa lebo kwa mpangilio huo tangu mwanzo, uchambuzi wenyewe huwa umekwisha kufanyika kabla gundi haijakauka, na inabaki kazi ya kutozichanganya.

Mafungu yawe ya idadi moja. Sisi hutumia 50, na lile la mwisho la kila kituo huandikwa idadi yake. Nyuso zote zielekee upande mmoja, na raba bendi zipite mara mbili, moja kwa urefu na nyingine kwa upana, maana fungu lenye raba moja hufunguka likitupwa kwenye gari. Juu yake kikae kikaratasi chenye jina la kituo kwa herufi kubwa na idadi. Kisha lipime: barua ya gramu 19.5 mara 50 ni gramu 975, na fungu linalosoma chini ya 960 limepungukiwa na bahasha mahali fulani. Ukitaka kukamata bahasha iliyokosa karatasi, pima kumi kumi, kwani katika mizani ya fungu zima gramu 5 hupotea kirahisi. Kazi hii inachosha, lakini mtumishi wa kaunta atakapochagua fungu lolote na kulihesabu, likatoka sawa na hati yako, kwa kawaida hatahangaika na mengine.

Hati hiyo iwe ya ukurasa mmoja: jina la chama, tarehe, uzito wa barua moja, kisha kila kituo na idadi ya mafungu na jumla ya barua zake, na chini kabisa jumla kuu. Toa nakala mbili, zote zigongwe muhuri, moja ibaki kwako pamoja na risiti. Peleka asubuhi, kabla magari ya posta hayajaondoka, na uepuke wiki za mwisho za Desemba pamoja na Januari ya kufungua shule. Kama barua zako ni chache mno, usijipe shida hii yote. Mshahara wa siku wa vijana wawili wa kufunga mafungu unaweza kuzidi punguzo lenyewe, na katika hali hiyo bandika stempu uendelee na kazi nyingine.

Nyuma ya kila bahasha chapa anwani ya chama, ili zisizofika zirudi. Zitarudi kwa sababu tofauti: sanduku limefungwa kwa kutolipiwa kodi ya mwaka, mtu amehama, mtu amefariki, au namba iliandikwa vibaya tangu siku ya kwanza. Usizitupe. Karani akae nazo na jedwali mbele yake, aandike sababu na tarehe kando ya kila jina, ampigie simu anayeweza kupatikana, na jina lisilo na jibu aliweke pembeni lisichapiwe lebo mwaka unaofuata mpaka mwenyewe au ndugu yake atakapofika ofisini na anwani mpya.